Karatasi Ndani ya Mlango wa Kabati

Ukitaka kujua matajiri wa zamani walikuwa na vitu gani, usiingie sebuleni. Zunguka nyuma, kwenye vyumba vya wafanyakazi. Hilo sikuambiwa na mtu. Nililishika kwa mikono yangu.

Kiyovu, mtaa wa wakubwa mjini Kigali, kulikuwa na nyumba moja ya matofali ya kuchoma, ya Wabelgiji wa mwanzo, yenye baraza pana na dohani ambalo sikuwahi kuliona likitoa moshi. Kila bwana aliyepanga pale alikuja na mkewe, na kila mke alitaka vitu vipya. "Toa hii, inanuka uzee." Kitu kinatolewa. Lakini hakuna mwenye roho ya kukitupa kitu kizito namna ile, basi kinavuka ua na kuingia vyumba vya nyuma. Mabwana wakapita, miaka ikapita. Mwisho wake sebuleni kulikuwa na makochi ya sponji, na kule nyuma, chini ya mabati, dobi alilala kwenye kitanda chenye nguzo nne zilizochongwa maua. Meza ya duara ya mguu mmoja ilikuwa ya mlinzi, alikula ugali wake hapo. Na mpishi, ambaye aliingia nyumba ile kijana na kuwapikia mabwana sita, alikuwa na kabati.

Mimi ni fundi seremala. Baba yangu alikuja Rwanda amebeba mizigo ya wafanyabiashara kutoka upande wa Ujiji, na akafa bado anabeba. Mimi sikubeba. Randa nilifundishwa na Mhindi mmoja aliyekuwa akinipiga vidole kwa rula kila nikikosea, kung'arisha mbao nikajifunza mwenyewe, na nilipofika miaka arobaini nilikuwa na karakana yangu Biryogo, mtaa wa Waswahili, yenye mlango na kufuli, na hakuna aliyenisaidia hata msumari.

Shule nilikaa miaka miwili. Nilitoka na tarakimu na jina langu, basi. Kuandika nimejifunza uzeeni, kwenye darasa la watu wazima, ndiyo maana naandika kama ninavyosema. Lakini wakati ule hakuna aliyejua. Nilivaa shati lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na miwani. Mtu akinipa karatasi, naishika mbali kidogo, nakunja uso, nasema, "Hm." Hiyo "hm" ilinifikisha mbali sana. Ofisini walinipa kiti.

Mpishi alinijia karakanani mwaka wa pili au wa tatu wa vita ya kaskazini. Mwaka wenyewe sina hakika nao. Nakumbuka bariyeri za askari zilikuwa zimeshaanza kuota barabarani. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, mtu mrefu, mpole, mwenye makovu ya mafuta ya moto mikononi.

"Fundi," akasema, "mimi iko na kazi yako. Lakini kazi haiwezi kuja hapa. Ni mzito."

Binti yake alikuwa anaolewa Gahanga, kusini ya mji. Kwa desturi ya Wanyarwanda bibi harusi haendi mikono mitupu. Anafuatana na vitu vyake vya nyumbani, ndivyo wanavyoviita ibirongoranwa, na watu wa upande wa mume husimama kuviangalia vikishushwa. Hawasemi kitu siku hiyo. Watasema miaka ishirini.

"Nimeshawaambia watu ya Gahanga," mpishi akasema. "Nimesema mtoto yangu atakuja na kabati ambayo hata bulugumesita, mkubwa ya wilaya yote, hana. Sasa iko na vumbi, mlango moja inalia. Tengeneza, kaka. Ing'ae."

Nikaenda Kiyovu na sanduku langu la vyombo.

Sijui niseme nini juu ya kabati lile. Barua nilikuwa sijui kuisoma, lakini kabati nalisoma kuliko padri anavyosoma kitabu chake. Milango miwili, droo mbili chini, miguu iliyochongwa kama makucha. Mti wenyewe wa Ulaya, mzito, mweusi kwa uzee. Hakuna msumari hata mmoja. Nilivuta droo nikaigeuza: pembe zake zimeshikana kama vidole vya mikono miwili, na kila kidole kimekatwa kwa mkono, kwa sababu havikulingana sawasawa. Aliyelitengeneza alikuwa ameshakufa kabla babu yangu hajatahiriwa. Nilisimama pale nikamwonea wivu maiti.

Tulilitoa uani, chini ya kivuli cha paa la stoo. Mpishi akarudi jikoni kwake. Dobi akabaki na pasi yake ya mkaa kibarazani, hatua chache kutoka kwangu. Alikuwa mtu wa maneno, yule dobi. Alikulia Burundi, na mdomo wake haukupumzika hata siku ya misa.

"Fundi mkubwa," akasema, "ukimaliza hapo unipambie na kitanda yangu. Nalala kama gavana lakini nala kama mbuzi."

"Wewe na mbuzi mnanuka sawa, sabuni tu ndiyo tofauti," nikamwambia, akacheka.

Nikafungua milango. Ndani ya mlango wa kulia kulikuwa na karatasi imebandikwa, ya njano, ukubwa wa kiganja, imeandikwa kwa wino. Mimi nilikuwa na sheria yangu, na nilijivunia: fundi wa ovyo hung'arisha mbele, fundi wa kweli hufika mpaka nyuma ya mlango na chini ya droo. Kwenye kazi yangu huachi takataka.

"Hiyo karatasi inasema nini, fundi?" dobi akauliza. "Miaka yote naionaga."

Nikavaa miwani. Nikaisogelea, nikarudi nyuma kidogo, nikakunja uso.

"Hm," nikasema. "Ya duka. Jina la duka na bei. Ya zamani hiyo, haina maana."

"Wewe umesoma, bwana," dobi akasema, na alisema kwa heshima kabisa.

Nikailowesha kwa kitambaa cha maji ya moto. Nikachukua chuma changu cha kukwangulia, kipande cha msumeno wa zamani nilichokinoa mwenyewe, nikaikwangua. Haikutoka nzima. Ilitoka kama makoko ya sufuria, vipande vipande, vikaanguka kwenye vumbi la msasa. Jioni nilifagia vyote nikavitia kwenye moto niliowekea chungu cha gundi.

Siku nne nilipiga kazi pale. Magamba ya vanishi ya dukani nikayayeyusha kwenye spiriti, nikayapaka kwa kitambaa cha pamba, duara kwa duara, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukisimama mbele ya kabati unaona meno yako. Siku ya nne mpishi alitoka jikoni akalitazama. Alipitisha mgongo wa mkono wake juu ya mlango, kwa sababu kiganja kilikuwa na kitunguu.

Na mimi, badala ya kulirudisha chumbani, nikasema liachwe uani mpaka jioni, likauke kwa hewa. Si kweli kwamba lilihitaji hewa. Nilitaka lionwe.

Likaonwa. Saa kumi hivi Madamu, mke wa bwana wa wakati ule, alitoka na mgeni wake kumwonyesha bustani. Madamu huyu alikuwa amekaa Zaire miaka mingi, Kiswahili chake kilikuwa cha amri lakini cha kueleweka. Mgeni alikuwa mzee wa Kizungu mwenye suruali fupi. Alipokata kona akasimama kama mtu aliyekanyaga nyoka. Akaja mbio mbio, akavuta droo, akaigeuza kama nilivyoigeuza mimi, akatazama zile pembe. Nikajua: huyu anasoma. Akaanza kusema Kifaransa kwa haraka, na Madamu akaanza kubadilika uso.

Akamwita mpishi.

"Hii kabati ilitoka wapi?"

"Ni yangu, Madamu."

"Wewe ulinunua?"

"Nilipewa. Madamu wa zamani, ule bibi ya bwana ya kahawa. Siku ya kuondoka alinipa."

Madamu hakupandisha sauti. Hilo lazima niliseme, asionekane mchawi. Alisema nyumba ina mwenyewe, na yeye alipoingia alitia saini kwamba kila kitu cha kale kilicho ndani ya ua ni cha nyumba, na mwenye nyumba siku moja atakuja kuuliza. "Mimi nitajibu nini? Mpishi aliniambia?"

Mpishi alitabasamu. Wallahi alitabasamu, kama mtu anayeingiza mkono mfukoni akijua funguo iko.

"Lakini kalatasi iko, Madamu. Madamu ule aliandika na mkono yake, akabandika ndani ya mlango. Aliniambia, mtu akiuliza, fungua mlango." Akaufungua mlango wa kulia.

Mbao safi. Inang'aa. Tuliona nyuso zetu sote ndani yake, mpishi, Madamu, mgeni na mimi.

Mpishi akafungua wa kushoto. Akarudi wa kulia. Akapitisha vidole pale palipokuwa na karatasi, taratibu, kama kipofu. Kisha akanigeukia.

Madamu naye akanigeukia. "Fundi, wewe uliona karatasi?"

"Niliiona, Madamu."

"Iliandikwa nini?"

Dobi alikuwa kibarazani na pasi yake, anasikiliza. Kalamu zangu mbili zilikuwa mfukoni. Kabla sijafungua mdomo, dobi akanisaidia. Masikini, alidhani ananisaidia.

"Fundi aliisoma, Madamu. Ilikuwa ya duka. Jina na bei."

Wote wakanitazama. Neno lilikuwa moja tu: sijui kusoma. Maneno mawili, sawa. Ningesema, nimeikwangua bila kujua, sijui iliandikwa nini, inawezekana mpishi anasema kweli. Mdomo ulikuwa wangu. Ulimi ulikuwa wangu.

"Ndiyo," nikasema. "Ya duka."

Mpishi hakunibishia. Afadhali angenibishia. Alitazama chini, na nikaona anafikiri, anarudi nyuma miaka yote ile mpaka kwa yule mama wa Kizungu na siku yake ya kuondoka. Akasema polepole, si kwetu, "Kumbe alinidanganya."

Madamu akasema kabati liingie sebuleni. Na nani anajua kulibeba bila kulikwaruza? Fundi. Nililibeba mimi, upande mmoja mimi na mlinzi, upande wa pili dobi na mpishi mwenyewe. Tulipopita mlango mkubwa mpishi alisema, "Pole pole, miguu," akitulinda tusigonge ile miguu. Jambo hilo linanirudia mpaka leo nikivuka mlango wowote na kitu kizito.

Nikarudi Biryogo. Siku tatu sikula vizuri. Mke wangu aliuliza, nikamwambia ni tumbo. Kurudi Kiyovu kusema ukweli nilijaribu mara moja. Nilifika mpaka lango. Mlinzi akaniuliza nataka nani, nikasema napita tu. Na hata ningesema, nilijiambia, karatasi iko wapi? Imekuwa moshi. Neno langu bila karatasi ni neno la mtu mweusi mbele ya saini. Ndivyo nilivyojifariji. Kujifariji pia ni ufundi.

Kitu ninachokijua ni kimoja. Nikanunua mbao za mvule wa Kongo, nikaweka kando kazi za watu wengine, nikaanza kabati jipya. Milango miwili, droo mbili, miguu ya makucha. Pembe nilizikata kwa mkono, kidole kwa kidole. Sikutia msumari. Mpishi nilimpelekea habari kwamba binti yake hataenda mikono mitupu, na kwamba ni zawadi, asinijibu kitu.

Alikuja kulichukua asubuhi ya safari, na kamioneti ya kukodi. Alilizunguka mara mbili. Akafungua na kufunga.

"Hii ni zuri kushinda ile," akasema. Alikuwa mwongo mbaya, mpishi yule, hakuwa na mazoezi. Kisha akatoa kipande cha karatasi nyeupe mfukoni, kimekunjwa mara nne, na kopo dogo la uji wa muhogo wa kubandikia.

"Kaka, hii kabati sitaki waninyang'anye. Wewe unajua kuandika. Andika kama ni ya mtoto yangu, jina yake na jina yangu, tubandike ndani. Safari hii iwe ya kweli."

Nikaichukua karatasi. Nikatoa kalamu moja kati ya zile mbili. Nilisimama mpaka dereva akapiga honi. Jina la binti nilikuwa nalijua kwa kulitamka. La mpishi pia. Lakini mkono wangu ulijua njia moja tu, tangu utoto, na nilipoushusha kwenye karatasi ukaenda njia hiyo. Niliandika jina langu. Nikaliandika vizuri, kwa mkao, nikapiga na mstari chini. Mpishi alisimama nyuma ya bega langu akitazama wino kwa furaha.

"Soma," akasema.

Nikasoma. "Kabati hili ni la binti wa mpishi, limetolewa na baba yake."

"Sawa kabisa," akasema, akapaka uji, akabandika kwa mikono yake.

Tukatoka. Mpishi na dereva mbele, mimi nyuma na kabati, nimelikumbatia. Njiani, mbele ya Kicukiro, kulikuwa na bariyeri, askari watatu, mmoja kijana mwenye macho mekundu. Tukashushwa. Vitambulisho. Cha mpishi kiligeuzwa mara mbili, na aliyesoma neno la kabila lililokuwa ndani alimwonyesha mwenzake kwa kidole. Wasomaji wangu wa Kigali sina haja ya kuwaeleza.

Yule mwenye macho mekundu akapanda nyuma, akafungua kabati kutafuta bunduki. Akainama. Akasoma, midomo ikicheza.

Akalitaja jina langu kwa sauti. "Nani huyu?"

Nikainua mkono. Akalinganisha na kitambulisho changu.

Mpishi alisema kwa Kinyarwanda, kwa upole wake ule ule, "Hapana, afande. Kabati ni ya mtoto wangu, imeandikwa humo."

"Hapa imeandikwa jina la mtu mmoja tu, na si lako," askari akasema. "Unaiba kabati ya watu, mzee? Au unanifanya mimi mjinga?" Akashuka. Akakishika tena kile kitambulisho cha mpishi, na mkono wa pili ukaenda kwenye mkanda wa bunduki.

Ilibidi niseme haraka. "Ni langu, afande. Mimi ndiye mwenye kabati. Huyu nimemkodi kunisaidia kubeba."

Askari akatutazama mmoja mmoja. Akacheka. "Basi fundisha mbebaji wako adabu." Akatutupia vitambulisho.

Mpishi hakurudi mbele kwa dereva. Alipanda nyuma, akakaa upande wa pili wa kabati, na tulikwenda hivyo mpaka Gahanga, kabati katikati yetu, vumbi jekundu likituingia. Nilitaka aniulize. Alitazama mashamba ya mihogo yakipita.

Tulipokaribia, nyumba ya mume ikaonekana na watu wamejipanga mlangoni kuangalia vitu. Mpishi akagonga bati la gari, dereva akasimama kando ya njia, mbali kidogo.

"Nipe ile chuma yako," akasema.

Nikampa chuma changu cha kukwangulia, kilichokuwa mfukoni. Akafungua mlango wa kulia, akaitemea mate karatasi, akaanza kukwangua. Hakujua namna ya kukishika, alikishika kama kisu cha kumenyea viazi, na kila alipopitisha alikuwa anakwaruza vanishi yangu.

"Ile ya kwanza," akasema bila kunitazama, "iliandikwa nini, kaka?"

"Sijui. Mimi sijui kusoma."

Akaendelea kukwangua. Vipande vilianguka kwenye viatu vyake.

"Hata mimi sijui," akasema. "Lakini mimi, watu wote wanajua kama sijui."

Akapangusa mlango kwa mkono wa koti, akanirudishia chuma, mpini mbele, kama anavyompa mtu kisu mezani. Kisha akapiga tena bati, tukaenda kushusha.